Aliyepita Langoni

Jumatatu, 4 Agosti

Chai ya rangi, kidonge cha presha, kurasa ishirini za kitabu, kisha fimbo na mguu hadi uwanjani Lubao. Kama kila siku tangu nihamie hapa mwezi wa tano. Mvua ilituvumilia hadi saa kumi na moja.

Vijana wa timu ya Shoka walikuwa mazoezini. Beki mmoja alirudisha mpira nyuma bila kutazama. Ukampita kipa, ukaingia. Mwenzake akapasua sauti: "Wacha u-Festo, buda! Unauzanga timu hivi na tuna mechi?" Wote wakacheka. Nami nikacheka. Mzee asiyecheka huulizwa maswali.

Festo ni mimi.

Hawajui. Hapa naitwa Mwalimu Andayi, mgane kutoka Lugari, mzee wa vitabu. Zamani hakuna aliyejali jina langu la pili. Nilikuwa Festo tu, kipa wa Shoka. Sasa Festo si mtu. Ni neno. Anayewaharibia wenzake makusudi ni Festo. Watoto waliozaliwa juzi wanalitumia, wala hawajui kwamba neno hilo lilikuwa na mama.

Jumatano, 6 Agosti

Nimepata mgeni. Msichana aitwaye Metrine, karani katika ofisi moja mjini Kakamega na katibu wa klabu. Ananionaga uwanjani na kitabu kwapani, kwa hiyo ameamua mimi ndiye mtu wanayemtafuta. Klabu inatimiza miaka hamsini. Sherehe ni tarehe thelathini. Wanataka historia yake iandikwe kijitabu, na kurasa chache zisomwe siku hiyo.

"Mwalimu, unasomanga kila siku. Kuandika hakutakushinda."

Nikamuuliza nani atanisimulia mambo ya zamani. Akasema babu yake, Kuka Hezroni kama wanavyomwita wote, mlezi wa klabu. Ndiye mwanzilishi wa mwisho aliye hai.

Nilimwambia nitafikiria. Uongo. Nilikuwa nimeshakubali alipotaja jina hilo.

Alhamisi, 7 Agosti

Niandike ninachotaka, nisije nikajidanganya baadaye kwamba nilitaka kitu kizuri zaidi.

Nataka jina la Hezroni lifanywe kama langu. Basi.

Jumamosi, 9 Agosti

Mambo yalivyokuwa, kwa mpangilio, kabla hasira haijayavuruga.

Tulikuwa wapasuaji mbao. Msitu ulikuwa bado unatoa miti mikubwa, na magogo yalipasuliwa kwa msumeno wa watu wawili: mmoja juu ya gogo, mwingine chini shimoni. Hezroni alikuwa juu. Mimi chini. Miaka mitatu nilimeza unga wa mbao uliotoka mkononi mwake. Saa ya mapumziko tulipiga mpira wa majani ya migomba. Siku moja tukachonga nguzo za goli, tukazichimbia, tukajiita Shoka. Jezi za kwanza zilikuwa mifuko ya unga iliyochovywa katika buluu ya kufulia. Mvua ikinyesha, sote tunageuka buluu hadi viunoni. Hayo nitayaandika kwa furaha, maana yalikuwa furaha.

Halafu tukafika fainali. Tulicheza na timu kutoka Shianda, vijana wa miwa, mapaja kama magogo. Zawadi ilikuwa fahali. Alifungwa nyuma ya goli langu, akawa anatafuna nyasi na kunitazama.

Siku hizo kila klabu ilikuwa na mzee wa dawa. Wetu alituagiza: msipite lango la kuingilia uwanjani, wapinzani wamezika kitu pale. Piteni kwenye tundu la ua wa michongoma, kinyumenyume, mmoja mmoja. Wenzangu kumi wakapita tunduni. Mimi nikapita langoni, watu wote wakiona.

Tulifungwa moja bila. Dakika za mwisho tukapata penalti. Hezroni, kapteni wetu, akaipaisha. Refa akapuliza. Umati ukanyamaza, ukimya wa watu wanaotafuta mtu. Hezroni akaninyooshea kidole. "Festo alipita langoni."

Maneno matatu tu.

Jioni hiyo hiyo migomba ya baba ilikatwa yote. Isimba yangu, kile kijumba cha kijana asiyeoa, ikachomwa. Baba akaniambia niondoke kabla hawajarudi. Nilitembea siku mbili hadi Lugari. Huko nikasoma ualimu, nikafundisha, nikaoa, nikazeeka katikati ya mahindi ya watu wengine.

Mama alibaki. Kisimani wanawake walimpa zamu ya mwisho, mwaka baada ya mwaka, hata mgongo ulipopinda. Alipokufa, baba alituma ujumbe nisije. Watanipiga mawe kaburini. Sikuja. Sikumzika mama yangu.

Jumatatu, 11 Agosti

Nimekwenda kwa Hezroni. Nyumba ya matofali, kibaraza kipana, redio. Macho yake yana ukungu mweupe. Anaona mwanga na vivuli, hataona uso wangu. Nilikuwa nimejiandaa kwa chuki. Sikuwa nimejiandaa kumkuta mdogo hivi. Mtu yule alikuwa mkubwa. Mabega yake yamekwenda wapi?

Akauliza natoka wapi. Nikasema Lugari.

"Lugari kuna mahindi na baridi. Na nini tena?"

"Walimu," nikasema, nikakohoa. Kikohozi changu cha asubuhi.

Akacheka. Akaanza kusimulia, nami nikaandika. Anasimulia vizuri, mshenzi huyu. Nguzo za goli, mifuko ya unga, safari za kwenda mechi kwa trekta la miwa. Nilijikuta nikitaka kumkumbusha mambo aliyosahau. Niliuma kalamu.

Kisha akafika kwa Festo. Alisema Festo alionekana Shianda wiki moja kabla ya fainali, nyumbani kwa mganga wao, anakula kuku.

"Ingokho mzima, Mwalimu! Peke yake! Hata shingo hakumwachia mtoto."

Nikaandika: kuku mzima. Nikamuuliza kama kulikuwa na penalti. Redio ilikuwa ikisoma matangazo ya vifo.

"Penalti? Sikumbuki penalti."

Nilikunywa chai yake. Ilikuwa tamu na nilitamani imwue mmoja wetu.

Jumanne, 12 Agosti

Kuna jambo moja ambalo sijawahi kuliandika popote.

Watu wa Lugari waliponiuliza kwa nini nilipita langoni, niliwaambia ni imani. Kwamba mtoto aliyebatizwa na kusomeshwa na mapadri wa Mukumu hatambai kinyumenyume kwa ajili ya mganga. Mke wangu aliiamini habari hiyo hadi alipokufa. Ilinipa heshima.

Haikuwa imani. Mama alikuwa amenifumia sweta ya kudakia, ya manjano, mikono mirefu, kazi ya wiki tano. Siku ile ndiyo nilikuwa naivaa mara ya kwanza. Nilitazama ile miiba ya michongoma. Nikatazama mikono ya sweta. Nikapita langoni.

Mama alijua. Hakuwahi kumwambia mtu, kwa sababu nilimkataza. Nilitaka nionekane shujaa wa imani, si mtoto wa mama. Kwa hiyo hata zamu ya mwisho kisimani aliingoja akiwa na jibu mdomoni.

Hezroni atalipa na hili pia. Najua si lake. Atalipa tu.

Alhamisi, 14 Agosti

Siku ya soko Lubao. Mbwa wamefungwa kwa kamba, kila mmoja anabweka na kila muuzaji anaapa kwamba wake ndiye mkali. Nilikuwa nikipita kwa wauza tumbaku nikasikia mtu akisema kwa sauti ya chini, "Festo."

Sikugeuka. Mwalimu Andayi hana sababu ya kugeuka.

"Unatembea bado kama kipa. Magoti nje."

Alikuwa Rispa. Enzi zetu alichoma mahindi nje ya uwanja. Sasa anauza tumbaku ya kunusa, meno matatu, akili yote. Alinikalisha kwenye kreti, akaniuliza nimerudi kuchukua nini. Nikamwambia. Alinusa kidogo, akapiga chafya, akasema jambo ambalo limenifanya nishike kreti kwa mikono miwili.

Siku ya fainali alikuwa pale langoni tangu alfajiri, anawasha moto wa mahindi. Mchora mistari alikuwa amelewa. Kapteni akaja peke yake kuchora mistari, debe la chokaa kichwani. Akapita langoni. Akatoka kuchukua la pili. Akapita tena. Mara nne, kwa miguu yake miwili, saa nyingi kabla yangu.

"Kwa nini hukusema?"

"Niseme nini, wewe? Siku ya dawa mwanamke haruhusiwi kukaribia lango. Wangeniuliza mimi nilikuwa natafuta nini pale. Leo ungesikia vijana wakisema, wacha u-Rispa." Akacheka mpaka mbwa wa jirani akamfokea. Halafu akanishika mkono. "Usiniandike jina. Hapa ndipo ninauzanga."

Nimeahidi.

Nimerudi nyumbani kwa miguu bila kuhisi kilima.

Ijumaa, 15 Agosti

Siamini kwamba lango lilitufunga. Nimefundisha sayansi karibu maisha yangu yote. Tulifungwa kwa sababu winga wao alikuwa na mbio na mimi nilichelewa kutoka. Nikiandika kwamba Hezroni alipita langoni, nitakuwa nimekubali upuuzi uleule ulionifukuza. Naelewa vizuri.

Lakini walinihukumu kwa lango. Nitamhukumu kwa lango. Hukumu nyingine hawataielewa.

Jumatano, 20 Agosti

Kazi inakwenda. Naandika asubuhi, Metrine anapita jioni kuchukua kurasa, anazipiga chapa ofisini wakati wa chakula cha mchana. Nimefika miaka ambayo serikali ilifunga msitu kwa wapasuaji na Shoka ikafa. Uwanja ukalimwa viazi vitamu. Kisha vijana wa bodaboda wakaifufua, wakang'oa viazi, wakakuta chini ya udongo kisiki cha nguzo yetu ya kwanza, kigumu bado. Sasa kuna timu ya wanawake pia. Metrine alicheza namba sita hadi goti lilipokataa.

Leo amekuja na bakuli lililofunikwa kitambaa: obusuma, ugali wa kwetu, na mboga za kienyeji. Akakaa kunitazama nikila, kama anayehakikisha.

"Mwalimu, hapa kwa fainali umeandika mistari miwili tu."

"Nangoja ushahidi."

"Kuka amekwambia yote, si ndiyo?"

"Amenieleza habari za kuku."

Akacheka sana. Babu yake humwambia kila mtu habari za huyo kuku, akasema. Mwaka jana alikuwa nusu.

Ni msichana mzuri. Hajanikosea lolote. Ukurasa wa fainali hautapita mikononi mwake. Nitauandika kwa mkono, nitausoma mwenyewe.

Jumapili, 24 Agosti

Misa Mukumu. Padri kijana alihubiri msamaha. Nilimsikiliza kama mtu anayeelekezwa njia ya mji asiokwenda.

Baadaye nilipanda matatu nyuma ya soko hadi kwenye shamba lililokuwa letu. Binamu ndiye mwenye nyumba sasa. Hakuwepo. Kaburi la mama liko kando ya migomba mipya, halina saruji, limeshuka katikati. Nilikuwa nimepanga maneno. Hayakuja. Niling'oa magugu mpaka vidole vikauma, nikaondoka kabla mtu hajaniuliza mimi nani.

Ijumaa, 29 Agosti

Ukurasa uko tayari. Sentensi tisa. Nimeukunja mara mbili, uko mfuko wa ndani wa koti. Nimeusoma mara tatu. Hauna kosa.

Nimejiuliza kama naogopa. Hapana. Nina njaa. Hiyo ndiyo hali yenyewe: njaa ya mtu anayesikia sufuria inafunuliwa.

Metrine amenipigia kuuliza kama nimepata shati la klabu. Wamenitunzia namba moja, maana ndiyo iliyobaki. Nikamwambia nitavaa koti.

Jumamosi, 30 Agosti

Niandike yote.

Mahema mawili, viti vya plastiki, vipaza sauti viwili, watu wengi kuliko nilivyotarajia. Wanawake walicheza kwanza, wakashinda. Isukuti ilipigwa tangu asubuhi, ngoma kubwa, ya kati na ndogo, na pembe. Hezroni alikaa mbele, suti ya kahawia, kofia ya Shoka, fimbo katikati ya magoti. Kila aliyepita alimshika mkono. Mlezi. Mwanzilishi. Kuka.

Niliitwa baada ya hotuba. Nilisoma kurasa tatu za mwanzo. Watu walicheka habari za jezi za buluu. Mzee mmoja alifuta macho niliposoma habari za viazi vitamu. Nilikuwa nao mkononi. Nilihisi hivyo, kama mwalimu anavyohisi darasa.

Nikatoa ukurasa mfukoni.

Nikasoma kwamba siku ya fainali, kabla jua halijapanda, kapteni wa Shoka alipita langoni na debe la chokaa kichwani. Mara nne. Kwamba yupo shahidi aliyeomba asitajwe. Kwamba baadaye kapteni huyo aliipaisha penalti, na kabla mtu hajamtazama akamsingizia kipa wake. Kwamba kipa alichomewa nyumba, na mama yake akaadhibiwa kisimani miaka yote iliyobaki. Kwamba jina la kipa likafanywa tusi na hakuna aliyeuliza. Mwisho nikasoma: "Festo ni mimi."

Mbuzi akalia mahali fulani.

Kisha kijana mmoja wa bodaboda akasema, wazi kabisa, "Kumbe ni Hezroni alikuwa Festo!" Kicheko kikalipuka hema zima. Walicheka kwa raha ya watu waliopewa kitu kipya. Na waimbaji wa isukuti hawangoji kualikwa. Yule mwimbishaji, mtu mwembamba mwenye njuga, akadaka hapo hapo: Hezroni alipita wapi? Wakajibu: Langoni! Na kichwani alibeba nini? Debe! Ngoma zikaingia.

Nilimtazama Hezroni. Nilitaka kuona uso wake ukianguka.

Alisimama. Akasikia jina lake na ngoma, akasimama, akaachia fimbo, akaanza kucheza. Mabega, vile tunavyocheza sisi, juu na chini, kofia ikimteleza. Mzee asiyeona, katikati ya uwanja, anacheza wimbo wa kumdhihaki, anatabasamu. Hakuwa ameelewa. Alidhani wanamsifu. Watu wakazidi kucheka, wengine wakatoa simu wakapiga picha. Metrine akakimbia akamshika kiwiko, akamwongoza nje ya hema. Hakunitazama.

Miaka karibu hamsini nimeingoja siku hii. Nilifurahi. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli. Nilifurahi hadi tumboni.

Jumapili, 31 Agosti

Nimelala vizuri. Nimekula mayai mawili.

Jumanne, 2 Septemba

Nilikwenda mazoezini. Vijana walinipigia makofi. Winga alikosa goli tupu na wenzake wakamwimbia kwa pamoja: "Wacha u-Hezroni!" Nimepata nilichotaka, neno kwa neno.

Metrine amekuja jioni. Sikumpa kiti, naye hakukitafuta.

"Ungeniambia, Mwalimu."

"Ungenizuia."

"Ningekuzuia," akasema. "Halafu ningekuruhusu. Lakini ungeniambia."

Nilingoja atukane. Badala yake akatoa kijitabu kwenye mkoba. Kimechapishwa upya. Ukurasa wangu umo, ukurasa wa saba, sentensi zote tisa. Kuna mtu alikuwa ameurekodi kwa simu, Metrine akausikiliza, akaupiga chapa. Nikamuuliza kwa nini.

"Si ni historia? Ama ilikuwa kitu kingine?"

Nikafungua ukurasa wa saba.

"Kuka anataka kusomewa. Kitabu chote. Mimi ukurasa wa saba siwezi kumsomea, na sitauruka, kwa sababu atajua. Umeandika wewe. Njoo usome wewe."

Akaenda. Nilitaka kumwita nimwambie kwamba sina deni lolote kwa mtu yule. Nilikaa na kijitabu gotini mpaka chai ikapoa.

Ijumaa, 5 Septemba

Sitakwenda.

Jumapili, 7 Septemba

Nimekwenda.

Alikuwa kibarazani, amevaa sweta ingawa kulikuwa na jua. Metrine alileta stuli, akaingia ndani. Hezroni hakunisalimia. "Anza mwanzo," akasema. Nikaanza mwanzo. Msumeno, shimo, mpira wa migomba. Nilipofika kwenye jezi alitabasamu. Ukurasa wa tano, wa sita. Nilipofungua wa saba sauti yangu ilibadilika, na nilichukia kwamba ilibadilika. Nilisoma sentensi tisa. Nilisoma "Festo ni mimi."

"Nilikujua siku ile ya kwanza," akasema. "Ulipokohoa. Miaka mitatu umekohoa chini yangu shimoni, nisijue kikohozi chako?"

"Ukanisimulia kuku."

"Nilikuongezea ile nusu ya kuku. Nilitaka nione kama utarusha kikombe. Ukaandika tu." Alitikisa kichwa, kama mtu aliyekatishwa tamaa. "Kuandika tu, kuandika tu. Hata zamani."

Nikamuuliza kuhusu lango. Nilimuuliza kwa sauti ya darasani.

"Nilipita. Chokaa ilikuwa nzito na tundu lilikuwa dogo. Nani angepitisha debe pale?" Akavuta sweta yake. "Halafu tukashindwa, na wakaanza kutafuta. Nilikuwa na mke, ana mimba ya baba yake huyu Metrine. Wewe ulikuwa na miguu."

Alisema hivyo, bila aibu na bila kuomba. Wewe ulikuwa na miguu. Majibu yote niliyoyaandaa Lugari yalikuwa ya mtu mwingine, mtu mkubwa mwenye mabega.

"Na siku ya sherehe," nikasema, "ulicheza. Hukusikia walichoimba."

"Nilisikia vizuri. Macho ndiyo yamekufa."

"Sasa ulicheza nini?"

"Watu mia wanaimba jina lako na ngoma zinalia. Utafanyaje? Ukae ulie?"

Mvua ikaanza kwenye mabati. Tulingoja ipungue kidogo. Sijamsamehe. Nimelikagua jambo hilo njia yote ya kurudi, kwa makini, na sijamsamehe. Alikuwa na maneno matatu mengine ambayo angeweza kuyasema siku yoyote kwa karibu miaka hamsini, na mama alikuwa hai mingi kati ya hiyo.

Akasema, "Rudia pale pa penalti."

Nikarudia. Kapteni aliipaisha.

"Umekosea hapo."

"Niliona kwa macho yangu."

"Uliona ukiwa goli la pili, uwanja mzima kati yetu na watu wamesimama. Sikuipaisha. Nilipiga chini, kulia kwake. Yule kipa wa Shianda aliigusa kwa vidole, ikagonga nguzo, ikatoka kona. Nguzo yetu, ile uliyochonga wewe, ilikuwa imepinda kidogo. Uliza mtu yeyote." Kisha akakumbuka. "Hakuna wa kuuliza."

Nilikaa na jambo hilo. Miaka yote nimemwona akiipaisha. Nimeuona mpira ukipanda juu ya miti. Lakini ni kweli nilikuwa mbali, na ni kweli kulikuwa na watu, na ninapojaribu sasa kuona mguu wake unagusa mpira, sioni mguu. Naona kidole tu.

Nilimuuliza kona ilipigwa na nani. Akasema Musa, ndugu wa kinyozi. Nikasema Musa alikuwa ameumia. Tukabishana. Alikuwa sahihi, Musa alirudi uwanjani amefungwa kitambaa. Nilimuuliza kama ana hakika ni vidole, si ngumi. Vidole, akasema, akanionyesha kwa mkono wake mwenyewe, vile kipa anavyojinyoosha hadi mwisho. Alionyesha vizuri. Ulikuwa ni mdako mzuri, wa kipa mzuri. Ningejivunia.

Nikatoa kalamu. Nikakata neno "aliipaisha". Juu yake, katika nafasi ndogo iliyopo kati ya mistari, nikaandika: "alipiga vizuri, kipa aliitoa kwa ncha za vidole." Maneno yamebanana, lakini yanasomeka.